Ukurutu wa Mbwa Usiokwisha: Ng'oa Mzizi, Usikate Majani

Karani wa ofisi ya kilimo huulizwa mambo mengi kuliko yaliyomo katika majalada yake. Hapa kisiwani Mombasa huja kwetu wakulima wa skimu za pande zote mbili. Wa Shimba Hills huvuka kwa feri ya Likoni, na wa Mtwapa na Ngerenya huja kwa daraja la Nyali. Wengi huuliza habari za mbegu, mbolea au hati za mashamba. Lakini siku moja, masika iliyopita, aliingia mzee mmoja wa Shimba Hills ambaye hakuwa na swali la mbegu. Alikuwa ameshika kamba ya katani, na mwisho wa kamba palikuwa na mbwa.

Mbwa huyo, jina lake Simba, alikuwa hana sura ya jina lake. Masikio yalikuwa yamepara manyoya, ngozi ya viwiko imekuwa nene kama ya ndovu, tumbo limejaa vipele vyenye usaha, na harufu yake ilimtangulia mlangoni. Alikuwa hatulii. Kila hatua tatu alikaa chini akajikuna mpaka damu ikatoka.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, Mwalimu." Wakulima wengi huniita hivyo, maana nilisomea ualimu kabla ya kushika kazi ya ofisi. "Nimekuja na gari la nazi toka alfajiri. Nimeambiwa mjini yuko daktari wa wanyama wa serikali. Huyu mbwa ni mara ya tatu kuugua ugonjwa huu huu. Akiugua tena, wanangu wanataka kumtilia sumu."

Nilimwuliza kwa nini asimwache basi, akatafuta mwingine. Akanitazama kama mtu aulizwaye kwa nini asiuze jembe lake.

Wasomaji wa Shimba Hills watamwelewa. Mashamba yao yapakana na hifadhi ya wanyama iliyotangazwa mwaka 1968, na nyani, ngedere na nguruwe mwitu hawajui mpaka. Mbwa mwenye afya hubweka mapema, na nyani hukimbia. Mbwa ajikunaye usiku kucha hulala mchana, na nyani wanajua upesi kuliko sisi kwamba mlinzi amelala. Mzee huyu alipoteza robo eka ya mahindi mabichi kwa muda wa siku mbili. Tena wajukuu zake wawili walianza kuwashwa mikono na tumbo.

Barazani Mji wa Kale

Daktari alikuwa ametoka kazini nje, naye angerudi alasiri. Nami nyumba yangu iko Kibokoni, si mbali, nikamchukua mzee tungojee huko. Tulipopita Ndia Kuu watoto walikimbilia vizingitini, na akina mama wakavuta buibui zao pembeni. Mji wa Kale ni mji wa paka. Mbwa ni mgeni huko, na sababu yake yajulikana. Kwa Waislamu wa pwani yetu mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba hapana budi kioshwe mara saba, moja kwa udongo.

Jirani yangu, mzee wa mtaa, alikuwa amekaa barazani na kahawa yake.

"Mbwa wa nini mjini, mjomba?" akamwuliza mgeni wangu.

"Si wa mjini, bwana. Huyu alinda mahindi. Ni mgonjwa, nimemleta kwa daktari."

"Wa shamba ana ruhusa, na wa mifugo, na wa kuwinda. Mfunge pale penye kivuli, mbali na njia ya msikiti." Kisha akamwita mjukuu wake alete maji katika kopo la zamani ambalo halitumiki tena nyumbani. "Kiumbe chenye kiu hakinyimwi maji," akasema. Simba akanywa kopo zima.

Halafu mzee wa baraza akauliza neno ambalo tangu siku hiyo nalikumbuka kila mkulima aniletapo habari za ugonjwa unaorudi.

"Hizo mara mbili za kwanza, mlimtibu au mlimtuliza?"

Mgeni wangu akatueleza yote. Mara ya kwanza, kabla ya mvua za vuli, alinunua sindano moja dukani, akachomewa mbwa, vipele vikakauka. Baada ya majuma matatu vikarudi. Mara ya pili, wakati wa kaskazi, jirani alimshauri ampake oili chafu ya gari. Mbwa akajilamba, akatapika siku mbili, na ngozi ikaungua. Mara ya tatu alimpeleka pwani akamtia katika maji ya bahari. Fedha alizotumia zingenunua magunia mawili ya mahindi.

"Basi mlimtuliza," akasema jirani yangu.

Aliyoyaona daktari

Daktari alikuwa mama mmoja mtaratibu. Hakuanza kwa kushika bomba la sindano. Kwanza aliuliza: ugonjwa ulianza wapi mwilini? Je, aliwashwa kabla ya vipele au baada yake? Mbwa wengine nyumbani ni wazima? Watu je? Alipotajiwa wajukuu, akatikisa kichwa. Kisha akakunja ncha ya sikio la mbwa akaisugua kwa vidole, na papo hapo mguu wa nyuma wa Simba ukaanza kupiga kama wa mtu anayekanyaga cherehani. "Hiyo ni dalili moja," akasema.

Kisha akachukua wembe butu, akapaka tone la mafuta ukingoni mwa sikio na kwenye kiwiko, akakwangua mpaka damu kidogo ikaonekana, akaweka alichokwangua juu ya kioo na kutazama kwa hadubini. Akatuita tutazame. Palikuwa na mdudu wa mviringo, mwenye miguu mifupi minane, akijikokota. Huyo ndiye utitiri wa ukurutu. Jike huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo, na kutoka yai hata mdudu mzima ni majuma matatu hivi.

Ndipo tukaelewa sababu ya majuma matatu ya mzee. Sindano ya kwanza ilikuwa dawa ya bakteria, si dawa ya utitiri. Usaha ulipungua, lakini mwenye kuleta usaha alibaki akichimba.

Kwa nini ugonjwa hurudi

Hapa pana jambo ambalo kila mwenye mbwa apaswa kulishika. Juu ya ngozi ya mbwa mzima huishi bakteria siku zote, wala hawamdhuru. Ngozi nzima ni kama ukuta wa mawe wa nyumba za Mji wa Kale: mvua hunyesha na ndani ni pakavu. Ukuta ukipata ufa, maji huingia. Hali kadhalika ngozi ikijeruhiwa kwa kujikuna, au ikiwa na unyevu daima, bakteria wale wale huingia na kufanya usaha. Basi vipele vya usaha kwa mbwa mara nyingi ni ugonjwa wa pili. Wa kwanza uko nyuma yake, nao ndio wa kutafutwa.

Mambo yapasuayo ukuta huo ni haya hasa:

Utitiri wa ukurutu. Huanza kingo za masikio, viwiko, visigino na tumbo. Mbwa huwashwa mno, na ugonjwa hupita upesi kwa mbwa mwingine. Huwauma watu pia, ingawa kwa mtu wadudu hawa wa mbwa hawadumu, nao hutoweka mbwa akipona.

Utitiri wa namna ya pili, ambao huishi ndani ya mashimo ya manyoya. Watoto wa mbwa huupata kwa mama yao wanaponyonya. Huleta vipara usoni na miguuni, mara nyingi bila mwasho mkubwa. Huu hauwaambukizi watu.

Viroboto. Tazama mgongoni karibu na mkia. Ukiona chembe nyeusi, zikamue juu ya karatasi nyeupe yenye maji. Zikifanya alama nyekundu, ni kinyesi cha kiroboto, maana chakula chake ni damu. Mbwa wengine hudhurika kwa mate ya kiroboto mmoja tu hata wakajikuna siku nyingi.

Choa. Huwa kipara cha mviringo chenye magamba. Hiki ni ukungu, nao huwashika watoto wanaomkumbatia mbwa.

Ukungu wa mafuta. Ngozi huwa na mafuta, rangi ya kahawia na harufu mbaya, hasa masikioni, makwapani na kati ya vidole. Joto na unyevu wa pwani huupendeza sana.

Funza wa nzi. Huu ni uvimbe wenye tundu dogo katikati, na ndani yake mna buu. Paka mafuta mazito ya kujipaka juu ya tundu ili buu likose pumzi, kisha libinye taratibu. Usilipasue.

Kwa hiyo watu wawili wenye mbwa walio na vipele vinavyofanana waweza kuhitaji dawa mbili mbalimbali kabisa. Kuazima dawa ya jirani ni kama kuazima miwani yake.

Tiba aliyopewa Simba

Kwanza daktari alitaka uzito. Hatukuwa na mizani ya mbwa, tukatumia hesabu ya shule. Mzee alipanda mizani peke yake: kilo 61. Akapanda amembeba Simba: kilo 75. Kwa hiyo mbwa ni kilo 14. Kila msomaji aweza kufanya hivyo kwa mizani ya mazao.

Uzito una maana kubwa. Sindano ya aivamektini ya ng'ombe, ambayo wengi huinunua, kipimo chake ni mililita 1 kwa kilo 50. Mtu akimchoma mbwa wa kilo 14 mililita 1 kamili, amempa kiasi cha mara tatu na nusu. Tena kuna mbwa wa asili fulani za kigeni, hasa wale wa kuchunga kondoo wa Ulaya na machotara wao, ambao dawa hiyo huweza kuwapofusha, kuwaangusha na kuwaua. Kazi hii mwachie daktari. Siku hizi viko pia vidonge vya kumeza vinavyoua utitiri, viroboto na kupe kwa mwezi mmoja au zaidi. Bei yake ni juu, lakini kwa mbwa aliyekwisha kula fedha za magunia mawili ya mahindi, afadhali mtu apige hesabu kwanza.

Simba alipewa dawa ya utitiri siku ile, na tarehe mbili nyingine za majuma mawili mawili mbele. Mara moja haitoshi, maana mayai huanguliwa baadaye. Mzee aliandikiwa tarehe hizo kwenye karatasi, akaambiwa asirudi nyuma hata mbwa akionekana mzima. Kwa usaha hakupewa sindano. Bakteria wengi wa ngozi ya mbwa hutengeneza kitu cha kuvunja penisilini, na kwa hiyo sindano moja ya penisilini ni fedha iliyotupwa. Tena dawa za antibiotiki zikitumiwa ovyo, au zikiachwa katikati, huwafundisha bakteria kuzizoea. Vidonge vya antibiotiki ni kwa usaha ulioingia chini sana, na daktari ndiye aamuaye dawa gani na siku ngapi. Kwa usaha wa juu, kuogesha kwafaa zaidi.

Jinsi ya kuogesha

Nunua sabuni ya mbwa yenye klorheksidini katika duka la dawa za mifugo. Mloweshe mbwa kwa maji baridi au ya uvuguvugu, yasiwe ya moto, kwa kuwa joto huzidisha mwasho. Paka sabuni penye vipele kwanza, kisha mwili mzima. Usiitie machoni wala ndani ya masikio. Sasa ngoja dakika kumi kwa saa. Hapa ndipo wengi hukosea, maana husuuza mara moja na dawa haipati nafasi ya kufanya kazi. Mtoto wa shule aweza kumshika mbwa huku akihesabu. Suuza mpaka povu liishe, kisha mkaushe kwa gunia safi na kumweka penye upepo. Fanya hivi mara mbili au tatu kwa juma mpaka ngozi iwe safi, na usiache siku ile ile vipele vinapokauka.

Mambo ya kuepuka

Oili chafu ya gari ina sumu, na mbwa hulamba kila kitu kilicho mwilini mwake. Dawa ya josho la ng'ombe iliyopimwa kwa kukisia, na unga wa kuua wadudu wa mimea, zimewaua mbwa wengi. Maji ya bahari si dawa. Chumvi ikikaukia kwenye ngozi yenye jeraha huikausha na kuichoma. Mbwa akioga baharini, msuuze kwa maji ya kisima. Majani ya mwarubaini yaliyochemshwa na kupoa hayamdhuru mbwa akioshewa, lakini usiyategemee peke yake, wala usimnyweshe.

Wenye paka wazingatie neno hili. Dawa za viroboto za mbwa zenye pamethrini, na za kuogesha zenye amitrazi, ni sumu kwa paka. Katika nyumba ambamo paka na mbwa hulala pamoja, soma karatasi ya dawa kwanza.

Nyumba na mahali pa kulala

Kumtibu mbwa na kuacha tandiko lake ni kuosha miguu na kurudi matopeni. Kiroboto jike hutaga mayai hata 40 kwa siku, nayo hudondoka chini mahali mbwa alalapo. Wale uwaonao mwilini mwa mbwa ni sehemu ndogo tu ya jeshi zima. Wengine wako mchangani na katika nyufa za sakafu, wakiwa mayai, mabuu na vifukofuko, na wa vifukofuko waweza kungoja majuma mengi. Choma tandiko kuukuu. Tandiko jipya lianikwe juani kila juma na kufuliwa kwa maji ya moto. Fagia kibanda, na sakafu ya udongo isiribe vizuri ili isiwe na vumbi.

Mchanga huo huo ndio makao ya funza wa miguuni. Mdudu huyu si mwenyeji wa kwetu. Aliletwa Angola kwa meli kutoka Brazili mwaka 1872, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amevuka bara zima hata akafika pwani yetu. Mbwa ni mmoja wa wanyama wanaomfuga bila kutaka, akitoka kwao kuingia miguuni mwa watoto. Ukikagua vipele vya mbwa, kagua na nyayo zake.

Chakula nacho kina sehemu yake. Mbwa alishwaye sima tupu hana cha kujengea ngozi. Vichwa vya samaki na dagaa kutoka sokoni ni rahisi. Vichemshe na kuondoa miiba mikubwa.

Safu ya nyumba tisa

Neno la mwisho la daktari ndilo lililokuwa gumu. "Baba, mbwa wako akipona, atacheza na wa jirani siku hiyo hiyo. Mbwa wote wanaokutana naye watibiwe pamoja, ama utarudi kwangu mara ya nne."

Mzee alirudi skimu akaita majirani. Katika safu yao mna nyumba tisa zenye mbwa. Alipoeleza habari za mdudu aliyemwona kwa macho yake, wengine walicheka. Lakini mama mmoja ambaye watoto wake nao walikuwa wakijikuna alisema atakuwa wa kwanza. Wakachangishana nauli, na mtaalamu wa mifugo wa kaunti akafika siku moja, akawatibu mbwa wa nyumba nane na papo hapo akawachanja chanjo ya kichaa cha mbwa. Hiyo ilikuwa faida juu ya faida. Kenya ilianza mwaka 2014 mpango wa kuondoa vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030, na kizuizi chenyewe ni kuchanja walau mbwa 70 katika kila 100.

Nyumba ya tisa ilikataa. Mwenye nyumba alisema mbwa ni mbwa.

Baada ya majuma manane mzee alinijia tena ofisini, safari hii bila mbwa. Simba ameota manyoya masikioni, analala usiku na kubweka alfajiri. Wajukuu hawajikuni tena. Mahindi ya msimu ule hayarudi, lakini muhogo umesimama. Juma lililopita aliona vipele vitatu tumboni. Hakungoja. Alitazama karibu na mkia, akakuta chembe nyeusi za viroboto, akaogesha, akabadili tandiko.

"Na yule wa nyumba ya tisa?" nikamwuliza.

"Jana alinikuta njiani," akasema. "Mbwa wake amepara masikio. Aliniuliza daktari yuko upande gani wa mji. Nikamwambia avuke feri, aulize ofisi ya kilimo, Mwalimu atamwonyesha."

Basi nangoja.

Ya kukumbuka

1. Usaha wa ngozi ukirudi, uliza ni nini kiletacho usaha.
2. Mpime mbwa uzito kabla ya dawa yoyote.
3. Shika tarehe za dawa zote, hata mbwa akionekana mzima.
4. Sabuni ya dawa ikae dakika kumi.
5. Tibu mbwa wote wa safu siku moja, na uchome matandiko.
6. Nawa mikono, na mtu awashwaye aende zahanati.
7. Dawa ya mbwa isimguse paka.
8. Kazi ya tiba ya wanyama, tangu mwaka 2013, iko chini ya kaunti. Uliza ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe kabla ya kuuliza duka.